Kufuli la Mama Gumba

Hebu mfikirie anavyofika. Ni asubuhi, geti la hospitali limefunguliwa upande mmoja tu, na watu wanapita kwa kusukumana mabega. Anakuja mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha chungu motoni. Begani ana mkoba kama wa mama yeyote. Lakini mkononi amebeba kikapu, na ukikichungulia hutajua kama anakwenda kufua au kupika. Mna vibanio vya nguo, tambara zito la kukamua, mpira mdogo uliokatwa mdomo, na donge la unga uliokandwa, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mumewe ni mwoka mikate, na kabla hajatoka nyumbani humkatia donge la kwenda nalo kazini.

"Mama Gumba, leo umetuletea mikate?" bawabu humuuliza.

"Nimeleta dawa, mzee wangu. Mikate kamuulize mwenye tanuri."

"Dawa gani hiyo haina hata chumvi?"

"Ndiyo maana hupewi wewe."

Hapo watu waliosongamana getini hucheka, na yeye hupenya katikati yao kama sindano kwenye kitambaa.

Jina hilo hakupewa na mama yake mzazi. Alilipata kazini. Wakati wenzake wa chuo cha tiba ya viungo walipokuwa wakigombania magoti na migongo, yeye aliomba mikono. Walimcheka. "Vidole? Hivyo si vya kukata kucha tu?" Yeye naye akawajibu kwa maneno ambayo wagonjwa wake wote leo wanayajua kwa moyo: "Kidole kimoja hakivunji chawa. Na vinne bila gumba pia havivunji." Ukimwambia mvumilivu hula mbivu, atakuuliza hiyo mbivu mwenyewe ataimenya kwa kidole gani.

Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi, baada ya chumba cha kufungia plasta. Kina meza moja, viti viwili visivyolingana, beseni la umeme la kuchemshia maji, na dirisha linalotazama geti. Ndani ya maji hayo ya moto hulainisha vipande vya plastiki, akavitoa kwa koleo, akavipapasa kwa kitambaa, akavilaza juu ya gumba la mgonjwa kabla havijakakamaa. Vikishika umbo, vinakuwa gango, kitu kigumu cha kulinda gumba lisiende kombo. Anafanya hivyo huku akizungumza habari za watoto na mvua, na mgonjwa anashtukia tu kwamba kazi imekwisha na mkono umevaa kitu kinachomkaa kama alizaliwa nacho.

Lakini kitu ambacho kila mwanamichezo wa mji ule anakijua ni kabati. Ni kabati la chuma, la kijani, lenye mbonyeo ubavuni, na limefungwa kwa kufuli kubwa la shaba lenye roho mbaya. Ufunguo wake ni mfupi na mnene. Ili uuzungushe, lazima uubane sawasawa kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha utie nguvu, kisha utie nyingine. Mtu mwenye mkono mzima huguna kidogo. Mwenye gumba bovu hugeuza macho tu.

Siku ya kwanza unapofika kwake, unamkabidhi chombo chako cha mchezo. Mdakaji anatoa glavu zake, bondia za kwake, mrusha mkuki anatoa ule utepe wake wa kiganjani. Mama Gumba anavifungia kabatini mbele ya macho yako. Siku utakayolifungua lile kufuli kwa mkono ulioumia, vitu ni vyako, na uwanja ni wako.

Si kwamba hana vipimo. Analo bano dogo lenye mshale. Ukilibana mshale unapanda, naye hulinganisha mkono huu na ule. Lakini alikwisha kuona kwamba wanamichezo hugombana na mshale. Watasema umelegea, umezeeka, unawaonea. Hakuna aliyewahi kugombana na kufuli.

"Mshale unaongea na mimi," husema. "Kufuli linaongea na wewe mwenyewe."

Sasa nikupe na sababu, maana mtu habuni jambo kama hilo kwa kuchoka. Kaka yake mkubwa alikuwa mpiga mpira wa wavu, wa kupigiwa makofi hata kabla hajaruka. Siku moja mpira ulimkuta gumba liko wazi, likapinda kwenda nje. Wenzake wakalivuta, wakalifunga kitambaa, akarudi kucheza, na mechi iliyofuata akacheza, na nyingine pia. Leo, kila Jumapili akija kula chakula kwa dada yake, Mama Gumba humfungulia chupa ya maji na kuisogeza mbele yake kabla hajaketi. Mumewe, ambaye hutania kila kitu hata misiba yake mwenyewe, chupa ile hajawahi kuitania.

Na kuna kijana mmoja wa mwanzoni mwanzoni, kabla ya kabati. Mama Gumba alimkataza kucheza. Alimkataza kwa sauti, mbele ya kocha wake. Kijana akaitikia vizuri, akalitia gango mfukoni, akaenda kuichezea timu nyingine kwenye uwanja wa mbali. Alirudi na gumba linaloyumba kama mlango uliong'oka bawaba. Tangu hapo Mama Gumba akajua kwamba katazo la mtu mwingine halilindi gumba. Anayelilinda ni mwenyewe, siku atakapokubali kwa kinywa chake kwamba bado.

Basi, ndipo akaletwa Komeo.

Komeo alikuwa golikipa wa timu ya wanawake, mrefu wa kuinamisha kichwa akipita mlangoni. Jina hilo alipewa na mashabiki kwa jinsi alivyokuwa akilifunga goli. Jioni alidaka mipira. Mchana alisuka nywele, na wateja walimpanga foleni kwa sababu mikono yake ilikuwa miepesi, haivuti kichwa. Kwa hiyo gumba lile la kulia lilikuwa na kazi mbili, na zote mbili zilikuwa maisha yake.

Aliumia mazoezini. Shuti lilikuja chini, akalala, mpira ukalinasa gumba na kulikunja nje. Kocha wake alikimbia uwanjani na kufanya yale ambayo makocha wote wa mji ule walifanya: alilishika akalivuta. "Kaza meno, linarudi sasa hivi." Halikurudi, maana halikuwa limekwenda popote. Mfupa ulikuwa mahali pake. Kilichokatika ni kano, ile kamba ngumu upande wa ndani, shinani mwa gumba, inayolizuia lisifunguke kupita kiasi. Komeo akamaliza mazoezi. Kesho yake alishika kichana, kikaanguka. Akakiokota, kikaanguka tena, na mteja akageuka kumtazama.

Daktari wa mifupa alimpiga picha, akampima, kisha akamwita Mama Gumba wakae wote watatu. Wale wawili wamefanya kazi pamoja muda mrefu. Daktari hushona, Mama Gumba hufundisha kilichoshonwa kuishi.

"Kano imekatika yote," daktari alisema. "Na ncha yake imechomoka imelala juu ya utando wa misuli, haigusani tena na mahali pake."

Komeo alimtazama Mama Gumba. "Maana yake nini, mama?"

"Umewahi kuona shati limechomoka nje ya suruali? Ukikaza mkanda juu yake, shati litarudi ndani?"

"Halirudi."

"Basi hata plasta hairudishi hiyo. Lazima mtu aingie, aichomeke ndani, aishone. Baada ya hapo ndio zamu yangu mimi na wewe."

Akashonwa. Akafungwa plasta. Ilipotolewa, alifika kwa Mama Gumba na glavu zake kwapani, za njano, zimechakaa viganjani. Aliziweka mezani kama mtu anayemwacha mtoto shule siku ya kwanza.

"Fainali ni mwisho wa msimu," alisema. "Mama, nitawahi?"

"Muulize yule," Mama Gumba akasema, akionyesha kufuli, na akazifungia.

Wakaanza. Mwanzo ilikuwa kukunja ncha ya gumba tu, taratibu, gango likivuliwa na kuvaliwa tena. Baadaye vibanio vya nguo, kimoja kimoja ukingoni mwa beseni. Kisha donge la unga. Komeo alilikanda huku akihesabiwa pumzi, na jioni Mama Gumba alilirudisha nyumbani limekauka kama jiwe.

"Mke wangu," mumewe aliuliza, akiligonga mezani, "kutwa nzima unashikwa mikono na timu nzima, mimi unaniletea hili?"

"Lina jasho la golikipa hilo. Oka tu, litadaka njaa."

Kila mwisho wa juma Komeo alipewa ufunguo. Alibana, akakunja uso, akatoa. Timu nzima walikwisha kupata habari, na wenzake walianza kumsindikiza kwa ajili ya kumcheka.

"Jamani, Komeo ameshindwa na kufuli!"

"Hao ni ndugu, wameelewana."

Naye alicheka nao. Lakini fainali ilivyokaribia, kicheko kilipungua. Mama Gumba aliona. Aliona pia kwamba mshale wa bano ulikuwa ukipanda vizuri, ila mkono wa kulia ulikuwa bado nyuma ya ule wa kushoto. Kano yenyewe ilikuwa imara, inagota vizuri ukiisukuma. Ilihitaji muda, ambao ndicho kitu pekee asichokuwa nacho kwenye kikapu.

Siku ya mwisho ya kujaribu, kabla ya fainali, walijaa chumbani mpaka ukumbini. Kocha alikuwepo, kapteni alikuwepo, na bawabu naye aliacha geti lake kwa kisingizio cha kufagia. Mama Gumba alipima kwa bano kwanza, akaona alichokitarajia, akalirudisha bano mezani. Komeo akasema, "Nipe ufunguo, mama."

Akaubana. Akazungusha.

Kufuli likafunguka kama siagi.

Ukumbi ulilipuka. Kapteni alimrukia Komeo shingoni, kocha akapiga ukuta kwa kiganja, na bawabu akapiga kelele kuliko wote. Mama Gumba alilishika kufuli, akaliinua kidogo. Lilikuwa linanukia mafuta ya cherehani. Vidole vyake vilitoka na utelezi. Akamtazama bawabu, na bawabu, shabiki wa timu ile tangu haijawa na jezi, akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Hapo, ndugu yangu, ndipo ungeona mtu alivyo. Angeweza kusema palepale. Alikuwa na haki, na mshale ulikuwa upande wake. Lakini alimkumbuka yule kijana wa gango mfukoni. Akiwaambia hawa, watamchukua binti kwa nguvu ya furaha yao, wamfunge kitambaa, wamtie golini. Na binti atakwenda akisema alitaka kuzuiwa kwa wivu wa mshale.

"Limefunguka?" aliuliza.

"Limefunguka, mama!"

"Mkono umesemaje?"

Komeo alisita kidogo. "Umesema... limefunguka."

"Haya. Chukua glavu zako."

Wakatoka kwa makelele. Mama Gumba alikwenda dirishani, simu mkononi, namba ya kocha iko tayari chini ya kidole. Alijipa mwisho: binti akivuka geti, atapiga, liwe liwalo. Mpaka getini, uwanja ni wa Komeo.

Aliwaona wakivuka ua. Timu ilitangulia mbele ikiimba. Komeo alibaki nyuma, glavu kifuani. Bawabu alimfikia mbio, akampa chupa ya maji, akimpigapiga bega na kusema maneno mengi. Komeo alikishika kifuniko kwa mkono wa kulia. Akazungusha. Akaubadilisha mshiko. Akazungusha tena. Kisha, taratibu, kama mtu anayetumaini hatazamwi, akaihamishia chupa mkono mwingine.

Mama Gumba, dirishani, akakaza macho. Chupa ile alikuwa akiijua. Aliifungua mwenyewe kila Jumapili.

Wenzake waliita kutoka nje. "Komeo! Twende!" Yeye alisimama kwenye ule upande mmoja wa geti uliofunguliwa, mguu mmoja ndani na mmoja nje, watu wanapita wakimsukuma bega. Kidole cha Mama Gumba kilikuwa juu ya simu.

Komeo akageuka.

Aliingia chumbani akihema. Aliweka glavu mezani palepale alipoziweka siku ya kwanza.

"Mama, kufuli lako limedanganya."

"Umejuaje?"

"Juma lililopita lilinikatalia kama jiwe. Mkono wangu naujua, hauwezi kupona kwa siku chache hivyo." Akaunyoosha mkono wa kulia mezani. "Na chupa imenishinda."

"Mimi sikukwambia neno."

"Hukuniambia."

"Basi umejiambia mwenyewe. Keti, mwanangu. Ukitaka kulia, lia. Mkono haudhuriki kwa machozi."

Akalia, na Mama Gumba akakaa karibu naye bila kumbembeleza kwa maneno. Halafu Komeo mwenyewe akazirudisha glavu kabatini, akalifunga kufuli kwa mkono wa kushoto, akatoka kwenda kumwambia kocha. Na Mama Gumba akamfuata, si kusema, bali kusimama nyuma yake wakati anasema.

Bawabu aliitwa baadaye.

"Mzee wangu, umelipaka mafuta kufuli au umempaka mtoto wa watu kwa mgongo wa chupa?"

"Mama, nilidhani nasaidia. Lilikuwa linalia sana, nikalihurumia."

"Unahurumia kufuli, gumba hulihurumii?"

Mzee alikuna kichwa mpaka kofia ikaanguka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza: akalivua lile kufuli, akaliosha kwa sabuni ya kufulia mpaka utelezi ukaisha, akalitundika kwenye msumari nje ya kibanda chake, mvua ilinyeshee. Kabati likafungwa kwa waya. Kila asubuhi Mama Gumba akipita, bawabu alimpa taarifa kama nesi anayeeleza hali ya mgonjwa. "Limeanza kuuma meno, mama. Kesho kutwa litakuwa limerudi na ukorofi wake."

Fainali ilichezwa. Sitakudanganya: walifungwa. Golikipa wa akiba alijitahidi, akadaka mingi, lakini mpira mmoja wa juu ulipita pembeni mahali ambapo mikono ya Komeo, kwa urefu ule, ingefika. Kila mtu uwanjani alilijua hilo, na Komeo, aliyeketi benchi na gango lake mkononi, alilijua kuliko wote. Kocha hakumsalimia Mama Gumba kwa muda mrefu. Wako mashabiki waliosema golikipa mzima amekaa benchi kwa sababu ya kufuli la kabati. Mama Gumba aliyasikia getini, sokoni, hata kwenye foleni ya mikate ya mumewe. Mumewe aliwauzia mikate yao, na mmoja aliyezidi maneno alimpa ile ya ukoko mgumu kabisa. "Itafune taratibu," alimwambia. "Kwa haraka haifai."

Msimu mpya ulipokaribia, Komeo alikuja peke yake. Alikuwa amerudi kusuka. Ilionekana kwenye vidole vyake vilivyong'aa mafuta ya nywele, akaviosha kwanza. Bano lilipima, mikono miwili ikalingana. Kufuli lilikuwa limerudi mahali pake, lina kutu kooni, limechukia dunia nzima.

Akaubana ufunguo. Kufuli likakoroma. Akatia nguvu, likagoma; akatia nyingine, mishipa ikamtoka mkononi, likalia kwa sauti mbaya kama mlango wa gari bovu, kisha likaachia. Safari hii hapakuwa na shangwe ukumbini. Palikuwa na Mama Gumba tu, aliyechukua mpira chini ya meza na kumrushia. Aliurusha vibaya, kama anavyorusha siku zote, ukaenda juu karibu na taa. Komeo akanyoosha mikono yote miwili, akaudaka.

Mlangoni alisimama kocha, ambaye hakuna aliyemsikia akifika. Alikuwa ameshika kidole chake mwenyewe, akikigeuzageuza kama anayekitazama mara ya kwanza.

"Mama," alisema, "mchezaji akiumia gumba, nisilivute?"

"Usilivute, baba. Lifunge lisicheze, uniletee."

Sasa nami nakuachia wewe, msomaji wangu. Jiweke pale getini: wenzako wanakuita kwa nyimbo, glavu ziko kifuani, ufunguo umekubali mbele ya mashahidi, na hakuna mtu duniani anayejua kuhusu ile chupa isipokuwa gumba lako. Ungerudi?